Shali ya Arubaini

Ripoti ya mkemia wa serikali ilifika kutoka Nairobi Jumatano asubuhi, nayo ilikuwa fupi kuliko Inspekta Aidarus alivyotarajia. Tumboni mwa mtoto hamkuonekana sumu. Kwenye ini, hakuna. Kwenye figo, hakuna, ila zilikuwa nyeusi kama zilizochovywa wino. Hilo mkemia alilitaja kisha akaliacha hapo hapo, kwani yeye aliulizwa habari ya sumu, na sumu haikuwamo.

Aidarus aliisoma mara ya pili akiwa amesimama. Chini ya sakafu aliyoikanyaga, katika mahabusu ya wanawake, alikuwamo Nanjala, mkunga wa baraza la mji na mkaazi wa Buxton, akiingia wiki ya pili. Aliyemtia humo ni yeye. Alimtoa mtaa wa Kuze, Mombasa, mchana kweupe, akampitisha vichochoroni watu wakiwa wamejaa vibarazani, na siku ile alirudi kituoni akajisifu moyoni kwa kazi safi.

Kazi safi yenyewe ilikuwa hii. Sheikhan, mtoto mchanga wa Khairiya, alikufa siku chache tu baada ya arubaini yake, siku ya arubaini tangu kuzaliwa. Siku moja kabla ya kufa, Nanjala alikuwa amempa matone kutoka kwenye chupa isiyo na karatasi, na mtoto alipokata roho, mkunga akaenda kuitupa chupa baharini. Bi Mwanakuu, nyanyake mtoto, akasema ni sumu. Kuze nzima, Bi Mwanakuu akisema jambo hakuna anayeuliza mara mbili, na Aidarus, aliyekulia mitaa ile ile, naye hakuuliza.

Mkubwa wake, Nicodemus, aliisoma ripoti akairudisha mezani. Akasema ziko sumu zisizoonekana na mkemia, kesi itasomwa Jumatatu kama ilivyopangwa, na shitaka ni la kuua. Kama Aidarus ana jambo jingine basi alilete kabla ya hapo. Wote wawili walijua shitaka la kuua huishia kitanzini.

Aidarus akateremka mahabusu na kiti chake mkononi. Alimwomba Nanjala aeleze yote tangu mwanzo, na safari hii yeye ataandika yote.

"Leo ndio unataka kusikia," Nanjala akasema. Hakusema kwa hasira, na Aidarus angependelea hasira.

Akaeleza. Alifika nyumba ile Jumapili, akamkuta mtoto amekwisha kuwa wa manjano, macho na ngozi. Nepi zake zilikuwa na mkojo wa rangi ya kahawa tungu. Alitaka apelekwe hospitali, nyanya akasema ni jicho la watu, litaondoka kwa kusomewa. Chupa ile ilikuwa maji ya kutuliza tumbo aliyoyanunua mwenyewe, kwa sababu mtoto alikuwa akilia na mkobani hakuwa na kitu kingine. Wakunga hawaruhusiwi kutoa dawa isiyotoka zahanati, ndiyo maana akaitupa. Aliogopa kufukuzwa kazi.

"Habari ya mkojo nilikwambia siku ile ile," akasema. "Ukaniambia nijibu ninachoulizwa."

Aidarus alikumbuka vizuri. Akamuuliza kama anahitaji kitu chochote. Nanjala akamjibu kwamba anahitaji shingo yake tu.

Akipanda ngazi, Aidarus alikuwa ameshapata la kushika. Mtoto alikuwa mgonjwa kabla mkunga hajabisha hodi. Arubaini ilikuwa Jumatano, mkunga alikuja Jumapili. Lililotendeka lilitendeka katikati ya siku hizo, ndani ya nyumba.

Alimwendea Daktari Abdeali, Mhindi Mbohora mwenye zahanati yake Ndia Kuu, mtu ambaye ukimuuliza saa ngapi atakueleza kwanza saa inavyoundwa. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu, rangi ya mkojo. Alipojibiwa aliweka kikombe chini.

"Hiyo ni damu, Inspekta. Chembe nyekundu zimepasukia mwilini, zikatokea kwenye figo. Ndizo zilizomtia umanjano vilevile. Kuna watu huzaliwa na damu isiyostahimili vitu fulani. Siku zote wazima kama mimi na wewe, mpaka wakutane na hicho kitu."

Aidarus akataka kujua ni kitu gani. Daktari akavitaja: vidonge fulani vya malaria, maharage fulani yanayoliwa sana huko Misri, na vile vidonge vyeupe vinavyowekwa kwenye nguo kufukuza nondo. Kwa mtoto mchanga hata harufu yake yaweza kutosha, na akiwa amepakwa mafuta, ngozi huinywa kwa haraka zaidi.

Baada ya hapo akaanza kuieleza saa inavyoundwa. Ndani ya kila seli ya mtu, alisema, mna nyuzi zinazobeba maagizo ya mwili, kama shanga zilizotungwa. Madaktari huziita kromosomu. Kuna uzi mmoja ambao mwanamke anao jozi na mwanamume anao mmoja peke yake, na huo mmoja ameupata kwa mamake. Seli kila inapozaa seli nyingine huzinakili nyuzi zote, nayo hunakili vizuri kwa namna ya kustaajabisha. Lakini siku moja, mwilini mwa nyanya wa nyanya wa mtu, ilikosea ushanga mmoja. Tangu hapo kosa nalo likawa linanakiliwa.

"Mwanamke mwenye ushanga mbovu hutegemea uzi wa pili," daktari akasema. "Mwanamume hana wa pili. Mama huubeba bila kujua, mwana wa kiume ndiye anayelipa."

Mlangoni alimshika Aidarus mkono akaongeza jambo. Kwenye uzi ule ule, karibu sana na ushanga ule, unakaa ushanga wa kutambua nyekundu na kijani. Katika baadhi ya koo kasoro hizo mbili husafiri pamoja. Akimwona mwanamume wa upande wa mama anayechanganya rangi hizo, basi amletee damu yake.

Kesho yake asubuhi Aidarus alibisha hodi Kuze. Bi Mwanakuu alimpokea kwa subalkheri ndefu na kahawa, akamshukuru tena kwa kumkamata yule muuaji. Khairiya alikuwa chumba cha ndani. Tangu maziko alikuwa hasemi ila akisemeshwa.

Aidarus aliuliza habari za arubaini kwa upole, kama mtu anayezungumza tu. Bi Mwanakuu akamsimulia kwa mapenzi yote. Mtoto alinyolewa, akasingwa kwa mafuta ya nazi mwili mzima, kisha akavikwa shali. Ilikuwa shali ya Kashmiri aliyoiacha babu yake Bi Mwanakuu, na kila mtoto wa nyumba ile huvikwa siku ya arubaini na kulazwa nayo mpaka Ijumaa. Mjomba wa mtoto ndiye afunguaye kasha na kuitoa, akampa nyanya mkononi, nyanya akavika. Hiyo ndiyo ada yao, na siku ile wanaume hawana kazi nyingine.

Aidarus akaomba kuiona. Kasha lilipofunguliwa harufu ikampanda puani mpaka macho yakamwasha. Katika kila kunjo la shali mlikuwa na vidonge vyeupe, vikubwa kama mayai ya mjusi.

"Hivi ni vya nini, mama?"

"Vya nondo, mwanangu. Zamani tukitia udi na karafuu. Mwaka ule wa mvua kubwa nondo wakaila pindo, nikasema hino ni amana ya babu, siwezi kuiata iliwe. Nikavitukua dukani kwa Allarakha." Akaipapasa shali. "Tangu siku hiyo haijaguswa hata na mdudu mmoja."

Alisema kwa fahari ya mtu aliyekitunza alichopewa. Aidarus aliirudisha kahawa kwenye sinia bila kuimaliza. Akauliza, kama mzaha, ikiwa nyumbani mle kuna mtu asiyejua nyekundu na kijani, na kwa mara ya kwanza Bi Mwanakuu akacheka. Alikuwa nao wawili. Wa kwanza ni mwanawe Kamaludin, kakake Khairiya. Alikuwa baharia, ila alikatazwa zamu ya kuangalia mbele usiku kwa kuwa hakuzitambua rangi za taa za meli nyingine, akawekwa jikoni. Baadaye aliugua huko huko safarini, akarudi, na sasa ana duka lake la kofia, anashona nyeupe juu ya nyeupe. Wa pili ni mjukuu, Jamaldin, mtoto wa kwanza wa Khairiya, anayeingia mwaka wa sita. Ukimtuma pilipili nyekundu atakuletea mbichi.

"Na Jamaldin naye alivikwa shali?"

"Kama wenziwe. Na vidonge vilikuwamo. Hebu mtizame alivyo na afya."

Aidarus alitoka pale akiwa hoi. Asubuhi alikuwa na fumbo lililofumbuka, sasa alikuwa na mtoto mwenye macho mabovu, aliyelala ndani ya shali yenye vidonge, naye anakimbia uwanjani. Kama daktari amesema kweli kwamba kasoro hizo mbili husafiri pamoja, Jamaldin alipaswa kuwa kaburini. Na kama Jamaldin yuko hai, shali haina kosa, na Nanjala atasimama kizimbani Jumatatu bila kitu cha kujitetea.

Ijumaa alimleta Daktari Abdeali mwenyewe, kwa kisingizio cha kumpima Khairiya udhaifu. Khairiya alinyoosha mkono bila kuuliza. Jamaldin alilia, akatulizwa kwa kashata. Kamaludin walimfuata dukani, akakataa. Hakukataa kwa ugomvi, alisema tu damu yake hana haja ya kupimwa, akaendelea na kazi.

Zahanatini daktari alitia damu kwenye chupa nyembamba, akachanganya na dawa mbili, moja ikaigeuza damu kuwa ya kahawia. Akaziweka kwenye maji ya vuguvugu, wakangoja mpaka alasiri ikapita. Damu nzima, alieleza, hujirudisha yenyewe kuwa nyekundu. Ile yenye kasoro hubaki kahawia. Aidarus alikaa akizitazama kama mtu anayengoja wali uive, na wakati ulipofika, chupa ya Khairiya ilikuwa katikati, si nyekundu wala si kahawia. Ya Jamaldin ilikuwa nyekundu tupu.

"Basi imeharibika," Aidarus akasema.

"Imenyooka," daktari akamjibu, na alikuwa na furaha isiyofanana na msiba wenyewe. "Khairiya ana uzi mmoja wenye kasoro zote mbili, na mmoja usio na hata moja. Lakini nyuzi hizo hazikai vivyo hivyo. Kabla yai halijaumbwa, mbili hulala pamoja, hukatika mahali, zikaungana upya, kipande cha huu kwa kipande cha ule. Uzi uliomfikia Jamaldin ulikatikia baina ya shanga zile mbili. Akapata macho ya mjombake, na damu ya ule uzi mzima. Zikiwa karibu namna ile hutokea kwa nadra, lakini hutokea."

"Na Sheikhan?"

Furaha ikamtoka daktari. "Sheikhan aliupata kama ulivyo."

Aliandika maelezo yake usiku ule, akatia sahihi na muhuri. Yalitosha kumtoa Nanjala. Lakini Aidarus hakuweza kulala, kwa sababu ya Kamaludin. Mtu hukataa sindano kwa woga, au kwa dini anavyoielewa yeye, au kwa ukaidi. Kamaludin alisema hana haja ya kupimwa. Hiyo ni kauli ya mtu anayejua jibu.

Jumamosi baada ya adhuhuri alimkuta dukani peke yake, kofia imetandazwa gotini. Aidarus alikaa. Akamwambia tu kwamba daktari anadhani mtoto alikufa kwa maradhi ya damu ya urithi, na angependa kujua kama yako kwa watu wa upande wa mamake.

Kamaludin hakuinua kichwa. "Atajichosha bure. Mtizame Jamaldin. Ana mato kama yangu, akavikwa shali ile ile, na hakupatwa na lolote."

Aidarus aliiacha sindano ipite kitambaani mara mbili.

"Mimi sikutaja shali," akasema. "Wala sikutaja macho."

Sindano ikasimama.

Yaliyofuata Kamaludin aliyasema kwa sauti ya chini, bila kusita, kama aliyekuwa akiyakariri kila siku. Alipougua safarini alishushwa Bombay. Hospitalini akapewa vidonge vya malaria, akakojoa mkojo mweusi, akakaribia kufa. Alipopata nafuu daktari mmoja alimweleza kila kitu: vidonge vile, maharage, vidonge vya nondo. Alimwambia pia kwamba damu ile na macho yale huja pamoja, na akifika kwao awaonye dada zake, kwani watoto wao wa kiume wamo hatarini. Alirudi Mombasa akamkuta Khairiya ameolewa juzi tu na ameshashika mimba. Akaona akisema nyumba yao ina damu mbaya, dadake atarudishwa na mama atanyooshewa kidole. Akajiambia atangoja aone.

Akazaliwa Jamaldin. Siku ya arubaini Kamaludin, kama mjomba, alifungua kasha akaitoa shali kwa mikono inayotetemeka. Wiki ikapita, mtoto mzima. Miaka ikapita, mtoto akaanza kuleta pilipili mbichi badala ya nyekundu, na siku hiyo Kamaludin alitoa sadaka. Macho yake yamemfikia mtoto, kwa hivyo na damu yake imemfikia, na shali haikumdhuru. Kumbe yule daktari wa Bombay alikuwa mwongo. Tangu hapo akawa analala usingizi.

"Kwa hivyo Sheikhan alipozaliwa ukanyamaza," Aidarus akasema.

"Niliitoa shali bila hata kutetemeka."

"Ukajua lini?"

"Jumamosi. Niliziona nepi zimeanikwa uani, hazikutakata."

"Mtoto alikufa Jumatatu. Ungesema siku ile angepelekwa hospitali akatiwa damu nyingine."

Kamaludin akaitikia kwa kichwa. Hilo nalo alikuwa amekwisha kulihesabu.

"Na Nanjala?"

"Ulimpitisha hapa," Kamaludin akasema. "Mbele ya mlango huu. Alinitizama kwa kuwa ananijua."

Aidarus aliona aibu, na aibu ile haikuwa ya Kamaludin peke yake. Wawili wao walikuwa na la kusema kuhusu mchana ule, na hakuna hata mmoja aliyefunua kinywa ulipokuwa ukipita.

Kamaludin akaiweka kofia kando. Sasa sauti yake ilikuwa na haraka. "Niandike mimi. Andika nilimpa sumu, nitatia sahihi sasa hivi. Mtoeni yule mwanamke, mnitie mimi. Ila mama asijue habari ya shali. Akijua kwamba ni mkono wake, hatoishi."

Kwa muda mfupi Aidarus aliliona jambo lile kuwa jepesi mno. Nicodemus angepata mtu wake, Nanjala angekwenda zake, na ajuza mmoja angebaki na kumbukumbu ya kumvika mjukuu wake kwa mapenzi. Kisha akamfikiria Khairiya, aliye bado kijana na atakayezaa tena, na lile kasha lililojaa vidonge.

"Hakuna sumu, Kamaludin, na siandiki uongo wa pili kwenye kesi hii. Mama lazima ajue, ama tutazika mwingine. Na sheria haina kifungu cha mtu aliyenyamaza. Adhabu unayoitaka mimi sina."

Walifunga duka wakaenda pamoja. Walikubaliana Kamaludin ndiye atakayesema, lakini walipofika mbele ya Bi Mwanakuu aliegemea ukuta, na mwishowe Aidarus akasema yeye. Aliyasema ya vidonge, ya mafuta, ya uzi na ushanga, kwa maneno machache aliyoyaweza. La Kamaludin kujua hakulitaja. Hilo alimwachia mwenyewe, akamtazama, akangoja. Kamaludin alikuwa akiutazama mkeka.

Bi Mwanakuu alisikiza bila kupepesa.

"Na damu hiyo ni ya nani?" akauliza.

"Ni yako, mama. Imepita kwa Khairiya."

"Basi vidonge ni vyangu na damu ni yangu. Yu wapi yule msichana mkunga?"

Nicodemus aliyasoma maelezo ya daktari magharibi ile ile, akaguna, akatia sahihi ya kumwachia Nanjala, na kwa kuwepesisha mambo akashauri apitishwe mlango wa nyuma giza likishaingia. Nanjala akakataa. Alisema alichukuliwa mchana, watu wakitazama, na hatotoka usiku kama mwizi. Kama wanamtaka atoke, basi wampitishe pale pale walipompitisha. Akarudi akaketi juu ya blanketi lake, akalala usiku mwingine mahabusu kwa hiari yake, na Aidarus akalala kwenye benchi la nje.

Asubuhi Bi Mwanakuu alifika kituoni na buibui lake, peke yake. Hakuomba msamaha. Alimtazama Nanjala muda mrefu, kisha akanyoosha mkono, na Nanjala, baada ya kuufikiria, akaushika. Wakatoka hivyo, Aidarus nyuma yao.

Watu walikuwa vibarazani kama kawaida. Kwenye duka la Allarakha Bi Mwanakuu akasimama, akasema bila kushusha sauti, "Allarakha, huyu ndiye Nanjala. Hakumuua mtoto wetu. Mtoto nimemuua mimi, kwa vidonge vya nondo, na nikamsingizia yeye."

Allarakha alibaki na mizani mkononi. Bi Mwanakuu hakungoja jibu. Akaenda mlango wa pili akasema vile vile, na wa tatu, na mbele ya madrasa ambapo mwalimu alitoka nje na wanafunzi wake. Hakubadilisha hata neno moja. Nanjala alikuwa ameinua uso, mkono wake ukiwa katika mkono wa ajuza. Mbele ya madrasa Aidarus alishindwa kuvumilia. Alisogea akasema kwamba aliyemkamata mwanamke huyu bila ushahidi ni yeye, kwamba aliambiwa ukweli siku ya kwanza akakataa kuuandika. Wanafunzi wakamkodolea macho. Alikuwa hajawahi kusema maneno mazito kama yale mbele za watu, akashangaa kwamba bado amesimama.

Duka la mwisho lilikuwa la kofia. Wazee watatu walikuwa wameketi kwenye baraza yake, na Kamaludin yuko ndani, miguu ameikunja, kazi gotini. Bi Mwanakuu akasimama mbele yao.

"Huyu ndiye Nanjala," akasema. "Hakumuua mtoto wetu. Mtoto nimemuua mimi."

Aidarus naye akasema lake. Wazee wakageuka kumtazama Kamaludin, maana aliyesema ni mamake, na ilikuwa juu yake kusema neno. Aidarus akangoja. Nanjala, asiyejua kinachongojwa ni nini, naye akangoja. Bi Mwanakuu alimtazama mwanawe kwa macho yanayoomba mtu wa kumshika.

Kamaludin akafunua kinywa, akakifumba. Akainamisha kichwa, akaitafuta sindano pale ilipokuwa imechomekwa, akaendelea kushona.